Kamyo moja, namba mbili: tujifunze kusoma plake

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini walikaa mbali na mikro.



Leo hatukuja kusoma memorandumu. Hatukuja kuita maandamano. Tumekuja na kitu kidogo ambacho munakiona kila siku na hamukisomi: plake ya motokari. Tunaona wengine tayari wanacheka. Wanasema moyoni: sasa hawa wenye lisansi wamekosa kazi mpaka wanakuja kufundisha namba za motokari? Ni kweli, kazi tumekosa. Tuko wengi hapa wenye diplome ndani ya sanduku na parasoli ya kuuzia yuniti kando ya barabara. Lakini kukaa kando ya barabara kumetufundisha kitu. Mucheke kwanza, halafu musikilize habari ya mtoto wa kata yetu.

Alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa anauza maji ya sashe kwenye barabara ya Kasumbalesa, pale kamyo zinapunguza mwendo. Siku moja saa ya jioni, kamyo moja ilimpita karibu sana, ikamkokota, ikavunja mguu wake. Kamyo ilisimama kidogo, watu wakaanza kukimbia kuja, nayo ikaondoka. Hatutasema dereva alikuwa na roho mbaya. Labda aliogopa kuchomwa pamoja na kamyo yake, maana sisi wenyewe tunajua mambo yanayofanyikaka hapa. Lakini aliondoka, na mtoto akabaki chini.

Mashahidi walikuwa wawili. Mama mmoja wa makala alikuwa upande wa mbele, aliona kamyo ikija. Kijana mmoja wa manseba alikuwa nyuma na pikipiki yake, aliona kamyo ikienda. Wote wawili walisoma namba, na wote wawili wakaenda kutoa ushahidi bila kuogopa. Mama akataja namba yake: T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kijana naye akataja yake: T, kisha tarakimu tatu zingine, kisha herufi tatu zingine. Yule aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini. Akasema: "Kamyo moja haina majina mawili. Mumoja wenu anaongopa, ao wote wawili." Dosye ikalala hapo. Mama ya mtoto akauza mashini yake ya kushona ili alipe hospitali. Mguu ulishikana vibaya. Mpaka leo yule mtoto anatembea na fimbo.

Sisi pia, bandugu, tuliamini kwamba mumoja wao alikosea. Tuliwaza kwamba ni mama, maana ni mama wa makala, na sisi ndio tuliosoma. Hiyo ni haya yetu, na tunaisema mbele yenu. Miezi ilipita. Siku moja tulikuwa tumekaa na yuniti zetu, foleni ya kamyo imesimama mbele yetu, na mumoja wetu akaanza kusoma plake kwa kupoteza saa. Akasoma ya mbele. Kamyo ikasogea, akasoma ya nyuma. Hazikufanana. Tukasoma ya pili, ya tatu, ya kumi. Ni vile vile. Kichwa iko na namba yake, remorki iko na namba yake. Mama aliona kichwa. Kijana aliona remorki. Hakuna aliyeongopa.

Njo maana tuko hapa. Mtoto alikosa haki yake juu hakuna hata mumoja, sisi ndani, polisi ndani, aliyejua kwamba kamyo moja iko na majina mawili. Leo tutasoma pamoja.

Tuanze na plake yetu ya hapa. Mfumo tulio nao sasa ulianza karibu na mwaka 2010. Tuchukue mfano wa kubuni: 1234AB/05. Gawanyeni vipande vitatu. Kwanza tarakimu nne. Pili herufi mbili. Tatu, kisha kistari cha kuinama, tarakimu mbili za mwisho. Hizo mbili za mwisho ndizo zinasema motokari iliandikishwa wapi. Kinshasa ni 01. Hapa kwetu, Katanga ya zamani, tunaijua: 05. Hata watoto wanaisema kwa Kifaransa, "zero-sinki". Upande wa kushoto kuna bendera ya nchi na herufi tatu: CGO. Hiyo CGO ndiyo alama ya nchi yetu barabarani mbele ya mataifa. Wengine wanabandika RDC nyuma ya motokari, si mbaya, lakini alama yenyewe ni CGO. Wenzetu wa ngambo ya mto, Brazzaville, alama yao ni RCB.

Wazee walio hapa wanakumbuka plake za mbele ya hizi. Zile zilianza na herufi za jimbo: KN ilikuwa Kinshasa. Zamani ulijua jimbo kwa kuangalia mwanzo, leo unalijua kwa kuangalia mwisho. Basi kama umekosa kusoma plake yote, usiache zile mbili za mwisho. Zinapunguza kazi ya kutafuta.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana kuna sumu. Plake inasema motokari iliandikishwa wapi. Haisemi mwenye motokari ni mutu wa wapi. Motokari ya 01 inaweza kuwa ya mutu aliyezaliwa Kenya, hapa kwetu, kwenye komini ya Kenya. Motokari ya 05 inaweza kuendeshwa na mutu aliyefika jana. Motokari inauzwa, inanunuliwa tena, inakopeshwa, inarithiwa. Tunajua mji huu ulipita wapi wakati watu walianza kuulizana: wewe ni wa wapi, baba yako alizaliwa wapi. Kuna familia zililala kwenye gari ya moshi majuma na majuma juu ya swali hilo. Katiba yetu, artikle ya 30, inasema kila mutu anayekuwa ndani ya nchi ana haki ya kutembea na kukaa pale anapotaka. Basi mutu akikuambia "angalia plake, huyo si wa hapa", mujibu: plake ni kitambulisho cha chuma, si cha damu.

Tuendelee. Barabara yetu haipitishi 05 peke yake. Shaba na kobalti kutoka Kolwezi zinapita Likasi, zinafika hapa, zinateremka Kasumbalesa. Kutoka hapo zinaingia Zambia na kugawanyika kwenda bandari tatu ao ine. Kamyo zinazobeba hizo shaba, na zinazotuletea unga, mafuta na simenti, zimeandikishwa kwenye nchi nyingi. Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanachanganya.

Tanzania. Ni rahisi kuikumbuka: inaanza na T peke yake, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. T 123 ABC, kwa mfano. Ndani yake hamuna mji wala jimbo. Dar es Salaam, Mbeya, Mwanza, yote ni mfululizo mumoja. Rangi nayo inasema kitu: kwa Watanzania, motokari ya mutu binafsi iko na plake ya njano, na motokari ya biashara, kama kamyo ao basi, iko na plake nyeupe. Tena musisahau: remorki ya Tanzania nayo inaanza na T vile vile. Hapo ndipo kesi ya mtoto wetu ilipopotea. Kama kichwa kingekuwa cha nchi moja na remorki ya nchi ingine, labda yule aliyeandika angeshtuka. Lakini zote mbili zilikuwa T, akafikiri ni namba moja iliyosomwa vibaya.

Zambia. Herufi tatu, kisha tarakimu, mpaka ine. Motokari ya serikali yao inaanza na GRZ. Zimbabwe nayo iko na herufi tatu na tarakimu ine. Munaona hatari? Zambia na Zimbabwe zinafanana kwenye karatasi. Kwa hiyo musikimbilie kutaja nchi. Andikeni kwanza herufi na tarakimu vile ziko, kisha muangalie alama ya nchi kama iko.

Namibia. Inaanza na N, inafuata namba, inamalizikia na herufi za mji. N, namba, W: hiyo ni Windhoek. N, namba, WB: hiyo ni Walvis Bay, bandari yao kwenye bahari ya Atlantiki. Kamyo ya WB mukiiona hapa Lubumbashi, mujue imekata Namibia na Zambia nzima mpaka kufika.

Afrika Kusini. Kule kila jimbo linajitaja. Gauteng, pale Johannesburg iko, inamalizikia na GP. Mpumalanga ni MP, Limpopo ni L, Free State ni FS. Za Durban, zile za mtindo wa zamani, zinaanza na ND. Na kwenye plake za Gauteng hamutaona A, E, I, O wala U. Waliondoa vokali ili herufi zisijipange na kuandika neno, pengine neno la aibu. Hiyo inasaidia: shahidi akikuambia ameona O kwenye plake ya GP, mujue ni sifuri.

Kenya inaanza na K, herufi mbili zingine, tarakimu tatu, na herufi moja ya mwisho. Remorki zao zinaanza na Z. Basi mukiona Z mbele ya namba nyuma ya kamyo, musiseme haraka "ni Zambia".

Juu ya hizo plake kuna ile alama ya nchi, mara nyingi ndani ya duara la yai, nyuma ya motokari. Ni mambo ya mkataba wa mataifa wa mwaka 1949 uliofanyika Geneva, ili motokari ikivuka mpaka ijulikane ni ya wapi. Zambia ni Z. Afrika Kusini ni ZA, maana kwa Kiholanzi nchi inaitwa Zuid-Afrika. Zimbabwe ni ZW. Namibia ni NAM. Tanzania ni EAT, Kenya ni EAK, Uganda ni EAU, tangu wakati wa Waingereza na Afrika yao ya Mashariki. Rwanda ni RWA, na Burundi bado iko na RU ya Ruanda-Urundi. Mukijua hizo, hamutaandika "Zambia" pale ilipoandikwa ZA.

Ongezeni kitu kingine ambacho si namba. Kwetu tunaendesha kuume. Zambia, Tanzania, Namibia na Afrika Kusini wanaendesha kushoto. Kamyo zao zikifika Kasumbalesa zinabadilisha upande wa barabara, lakini usukani haubadiliki, unabaki kuume. Dereva anakaa upande wa mtaro, si upande wa katikati ya barabara. Akitaka kupita mwenzake, haoni vizuri mbele. Kwa hiyo mukiandika ushahidi, muandike pia: usukani ulikuwa upande gani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ajali imetokea, ao mutu amebebwa na motokari kwa nguvu. Tufanye nini?

Ya kwanza: usiingie barabarani, usifukuze. Ile namba unaweza kuipata ukiwa umesimama salama. Wa kwanza anaangalia mutu aliyeumia. Wa pili anaangalia plake.

Ya pili: soma kwa sauti kubwa, kipande kwa kipande. Usiseme "nimeiona". Sema: "moja-mbili, tatu-ine, A-B, sifuri-tano." Ukisema kwa sauti, wenzako wanabeba pamoja na wewe. Kisha andika mahali popote: kwenye mkono, kwenye karatasi ya beinye, ao tuma odio ya sekunde tano kwako mwenyewe. Odio inabaki na saa yake.

Ya tatu: kama ni kamyo ya remorki, andika mbele ilikuwa nini na nyuma ilikuwa nini. Kama umeona moja tu, andika umeona ya mbele ao ya nyuma. Maneno mawili hayo tu, "ya mbele" na "ya nyuma", yangemuokoa yule mama wa makala na aibu ya kuitwa muongo.

Ya ine: pale hukuona, weka alama ya kuuliza. Usijaze. Plake yenye tarakimu tatu za kweli na moja isiyojulikana inasaidia kuliko plake nzima iliyobuniwa. Na mujue zile zinazochanganya: B na 8, O na sifuri, I na moja. Muangalie nafasi. Kwenye plake yetu, tarakimu ine za kwanza haziwezi kuwa herufi, na mbili zinazofuata haziwezi kuwa tarakimu. Kwenye nafasi ya kwanza ukifikiri ni B, ni 8.

Ya tano: mashahidi waandike kila mumoja peke yake, mbele ya kuzungumza. Tukianza kuzungumza kwanza, mwenye sauti kubwa anashinda, na makosa yake yanakuwa makosa ya wote. Namba zikitofautiana, musigombane. Ulizaneni kwanza: wewe ulisimama wapi?

Ya sita: andikeni vitu vingine. Saa, mahali, kamyo ilielekea Likasi ao Kasumbalesa, rangi ya kichwa, jina lililoandikwa kwenye mlango, mzigo. Remorki inaweza kufungwa kwenye kichwa kingine kesho. Kichwa kinaweza kurudi na remorki ingine. Kwa hiyo rangi na jina vinashikanisha vile viwili kwa siku ile.

Ya saba: musiweke namba ya mutu kwenye Facebook na kuandika "muuaji" mbele ya kuhakikisha. Mukikosea herufi moja, munaharibu maisha ya dereva mwingine ambaye alikuwa nyumbani kwake analala. Na musichome. Musipige. Dereva wa T ao wa GP ni mfanyakazi, ametoka mbali, amelala kwenye kabini majuma mawili. Tunataka ajibu mbele ya sheria. Hatutaki ajibu mbele ya petroli.

Pengine mutauliza: namba tukiipata, inatusaidia nini? Polisi atasema hana mafuta, ofisi itasema rudi kesho. Tunajua. Lakini namba inafungua mlango moja ambao watu wengi hawaujui: bima, ile tunaita asiransi. Kuna karatasi inaitwa Kadi ya Njano ya COMESA. Ni asiransi inayovuka mipaka. Kamyo ikiwa nayo, ikaumiza mutu kwenye nchi ingine, yule aliyeumia anaweza kudai alipwe hapo hapo nchini mwake, bila kwenda Lusaka ao Dar es Salaam. Nchi yetu iko ndani. Zambia iko ndani. Tanzania iko ndani, hata kama si memba wa COMESA. Afrika Kusini na Namibia haziko ndani. Na juu ya ile kadi kunaandikwa namba ya plake. Bila namba, hakuna kadi. Bila kadi, familia inauza mashini ya kushona.

Kwa motokari za hapa ni vile vile. Plake inashikana na karte rozi, na karte rozi inashikana na jina la mwenye motokari. Plake zinatolewa na DGI, ofisi ya kodi. Sisi raia hatuna haki ya kufungua kitabu chao na kutafuta majina, na ni muzuri vile, maana si kila mutu anayetafuta jina lako anakutakia mema. Lakini polisi na parke wanaweza kuuliza. Kazi yetu ni kuwapa namba iliyo sawa, kisha kuomba iandikwe kwenye PV, kisha kuandika namba ya ile PV na tarehe. Musitoke ofisini bila namba ya PV. Na mukisikia plake ilikuwa ya bandia, musikate tamaa: ndani ya chuma cha motokari kuna namba ya shasi. Kwa motokari za miaka hii ni alama kumi na saba, na hazina I, wala O, wala Q, ili watu wasichanganye na moja na sifuri. Plake inafunguliwa na tournevisi. Shasi haifunguliwi.

Sasa tufike kwenye zile ambazo hazina plake kabisa. Tunazo pikipiki nyingi, na tunasema kwa wenzetu wa manseba bila kuwaficha: tunajua bei ni kali kwa mutu anayekula kwa siku. Lakini siku pikipiki yako inaibiwa, utaiita kwa jina gani? Siku abiria anaanguka, familia itakutafuta kwa jina gani?

Lakini hatuwezi kumlilia mutu wa pikipiki na kunyamaza juu ya jeep. Kuna jeep za viyoo vyeusi zinazotembea mchana bila plake mbele wala nyuma, na rulaji anazipigia saluti. Usiku mutu akikamatwa na kutiwa ndani ya motokari isiyo na plake, mama yake atazunguka kashoti zote za mji, na kila mlango utamwambia: si sisi. Hana hata tarakimu moja ya kuanzia. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile Kode ya barabara, inataka motokari iandikishwe na ibebe namba yake. Katiba, artikle ya 12, inasema Wakongomani wote wako sawa mbele ya sheria. Plake ndiyo mahali pa kwanza ambapo tunaona kwa macho kama maneno hayo ni ya kweli. Mama wa 05 analipa faini juu plake yake imeinama. Mukubwa hana plake na anapita.

Basi tunaomba nini? Kwa wakubwa wa mji na wa jimbo tunaomba mambo matatu. Moja: polisi wa rulaji na wale wanaoandika PV wafundishwe plake za nchi zinazopita hapa, na karatasi ya ajali iwe na mistari miwili, moja ya kichwa na moja ya remorki. Hiyo haihitaji bajeti, inahitaji rula na kalamu. Mbili: motokari zote zibebe plake, kuanzia zile za wakubwa. Tatu: kule Kasumbalesa, plake ya kichwa na plake ya remorki ziandikwe pamoja wakati kamyo inaingia, ili mutu akiumia huku, tuweze kujua ni nani aliingia na nani.

Na kwenu, bandugu, tunaomba jambo moja tu. Leo mukirudi nyumbani, someni plake tano. Za teksi, za kamyo, za basi. Someni kwa sauti, pamoja na badogo zenu. Bamama wanaouza kando ya barabara, ninyi munaona kuliko kamera yoyote. Tutapitisha karatasi yenye mifano ya plake za kila nchi, mubandike kwenye meza zenu karibu na makala na mihogo.

Mutauliza mtoto wetu amefika wapi. Tulirudi pale na wale mashahidi wawili. Tulichora kamyo kwenye karatasi, kichwa na remorki, tukaonyesha nani alisimama wapi. Yule aliyeandika aliangalia muda mrefu. Mwishoni alichukua kalamu, akaandika namba zote mbili kwenye PV. Hakuomba musamaha kwa mama wa makala. Sisi tuliomba, maana nasi tulimuwazia vibaya. Alitujibu: "Batoto yangu, minaona kamyo tangu hamujazaliwa. Munifundishe kuandika tu, kusoma minajua." Familia imepeleka ile PV kwenye asiransi. Bado tunangoja jibu. Likikawia, tutarudi tena, na mara hiyo tutakuja wengi.

 Sasa mutoke nje, pale kwenye kona kuna kamyo mbili zimesimama. Muanze na hizo. Ya mbele na ya nyuma.

Tuko pamoja.